Mama amerudi Tukuyu bila kuaga

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtoto wa tatu kati ya saba, nina duka Mwanjelwa hapa Mbeya. Tangu baba afariki mwaka 2009, mama, ambaye sasa ana miaka 72, ndiye tunayemkimbilia sote. Hata sasa analea wajukuu wanne, watoto wa ndugu zangu walioko Dar es Salaam na Tunduma. Mwezi wa nne aliteleza migombani akavunjika mkono, na hospitalini wakamkuta ana presha. Tulijadiliana katika kundi letu la WhatsApp tukakubaliana ahamie kwangu apumzike. Kaka mkubwa akashauri shamba likodishwe, maana bado ni la marehemu baba na mirathi haijafunguliwa. Kwangu mama hakushika hata kikombe, dada wa kazi alifanya yote. Alikaa siku 19. Alfajiri ya siku ya 20 nilikuta kitanda kimetandikwa, na saa nne asubuhi jirani wa kijijini akapiga simu kusema mama ameshuka kwenye haisi, mkono ungali umefungwa hogo. Dawa ameziacha kabatini. Kaka zangu wanataka twende na gari tumrudishe. Mimi nimefedheheka, kwa sababu watu watasema nilimtesa. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa ndefu kuliko hii niliyoifupisha hapa, nami niliisoma mara ya pili nikiwa na kalamu, nikipigia mstari kila mahali ulipoandika neno "apumzike". Nililikuta mara nyingi, na kila mara wanaosema ni nyinyi watoto. Sikuona mahali popote ambapo mama mwenyewe aliomba kupumzika, wala mahali ambapo kuna mtu aliyemuuliza.

Sidhani kwamba ulimtesa, na majirani wa Mwanjelwa waache waseme wanayotaka. Lakini hebu zifikirie siku zake 19. Mwanamke huyu nyumbani kwake huamka kabla ya jogoo, akasimamia ukamuaji wa ng'ombe, akampa mjukuu maziwa ayapeleke kituoni kabla ya shule, kisha akapita migombani akichagua kwa macho mkungu wa kwenda sokoni Kiwira na mkungu wa kubaki nyumbani. Umeandika kwamba ndiye mweka hazina wa kikoba, na kwamba msiba ukitokea kijijini hakuna anayeinjika sufuria kabla yeye hajafika kusema utapikwa mchele kilo ngapi. Mtu wa namna hiyo ukimkalisha kwenye kochi, ukampokonya kikombe mkononi na kumwashia tamthilia, umemheshimu kwa jinsi ambayo yeye haitambui. Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Wewe ulimfanya mama yako mgeni kwa siku 19, na jembe ukamnyima.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo, maana nimelitenda. Mama yangu mzazi tulimtoa Mufindi tukamleta Iringa mjini kwa maneno haya haya ya kupumzika, na ndani ya mwezi mmoja alikuwa ameotesha mchicha katika kila ndoo iliyovunjika, hata bafuni hapakuwa na ndoo ya kuogea. Sisi tulicheka. Ilinichukua muda kutambua kwamba mama alikuwa anatafuta kitu kimoja katika nyumba ile ambacho kingemngoja yeye asubuhi.

Turudi kwa kaka yako mkubwa na shauri lake la kukodisha shamba. Unaliandika kwa mstari mmoja tu, kana kwamba ni jambo dogo, nami nadhani ndilo lililompandisha mama kwenye haisi. Unaamini hakusikia? Katika nyumba yenye vyumba vitatu, na wewe ukizungumza na kaka zako kwa simu usiku? Shamba lina jina la marehemu na mirathi haijafunguliwa. Kanuni za mila kuhusu urithi zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, ambazo hadi leo hutajwa katika mahakama zetu, zinamwacha mjane mikononi mwa watoto wake: hana fungu lake mwenyewe, bali hutunzwa nao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwa upande wake, inasema kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Mjane asiye na karatasi yoyote mkononi hawezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili itakayosomwa siku ya ugomvi, kwa hiyo hujikinga kwa njia anayoiweza, ambayo ni kukaa mle mle ndani, moshi wa jiko lake ukionekana kila asubuhi. Mlipoanza kuzungumza habari za mpangaji, mama alikwenda kuuwasha moto wake.

Kwa hiyo, kabla ya gari la kaka zako kuwashwa, itisheni kikao cha ukoo na mpendekeze msimamizi wa mirathi, kisha mwende Mahakama ya Mwanzo mkiwa na muhtasari wa kikao hicho na cheti cha kifo cha baba. Mimi ningempendekeza mama mwenyewe. Mkumbuke tu kwamba msimamizi si mrithi, kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Ndiyo maana nawasihi muandike waziwazi katika muhtasari, na nyote saba mtie sahihi, kwamba nyumba na migomba vitabaki chini ya mama maisha yake yote, na kwamba hakuna atakayekodisha wala kuuza bila ridhaa yake. Kaka mkubwa akisita kutia sahihi, mtakuwa mmejua jambo ambalo mama amelijua mapema.

Kuhusu wajukuu nitasema kwa ukali, unisamehe. Mnahangaika kwamba mama anachoka, na wakati huo huo mmemwachia watoto wanne wa kuwafulia sare, kuwalisha na kuwaamkia usiku wakiwa na homa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wale wa ndugu zako wa Dar es Salaam na Tunduma ama wachukuliwe na wazazi wao likizo ya Desemba itakapofika, ama wazazi hao walipe kila mwezi mshahara wa msichana wa kumsaidia bibi na wa kijana wa kumkatia ng'ombe majani. Pesa zipite mkononi mwa mama, naye ndiye awalipe; akiwalipa yeye, ni watu wake, na ataweza kuwatuma bila kujiona anasimamiwa.

Dawa mpelekee wiki hii hii. Presha humezewa dawa kila siku hata mgonjwa anapojisikia mzima, na wengi huziacha kwa sababu hiyo hiyo, hawaumwi popote. Mwombe mjukuu mkubwa awe anamkumbusha, na mama apimwe zahanati ya kijiji kila anapokwenda mnadani. Ule mkono nao una tarehe yake ya kurudi hospitali, hapo ndipo utamleta Mbeya, kwa siku mbili, akijua siku ya kurudi. Mnunulie pia gambuti zenye soli isiyoteleza, kwa sababu Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka na matope ya mwezi wa nne hayajali umri wa mtu.

Nenda Jumamosi, wewe peke yako, bila kaka zako na bila gari. Panda haisi kama alivyopanda yeye. Ukifika piga goti umwamkie, mwambie umekuja kuomba radhi kwa kumwekea kikao nyuma ya mgongo wake, na usimuulize kwa nini aliondoka. Kisha usikae sebuleni ukingoja chai. Ingia jikoni umuulize kuna kazi gani, na akikupa kisu umenye ndizi, menya.