PSA kupanda baada ya mbio za baiskeli
Unauliza kama mbio za baiskeli zinaweza kuwa ndizo zilizopandisha PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu ili kuchunguza saratani ya tezi hiyo) ya mzee wako. Ndiyo, mazoezi makali yanaweza kupandisha PSA hata pasipo saratani, na ndiyo maana nchini Uingereza wanaume huelekezwa kujiepusha na mazoezi ya nguvu, hasa baiskeli, pamoja na kumwaga manii, kwa saa 48 kabla ya kutolewa damu. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, iwe nzima au gonjwa, kwa hiyo chochote kinachoibana au kuivimbisha, kuanzia kiti cha baiskeli hadi maambukizi ya njia ya mkojo (baada ya haya husubiriwa wiki 6 kabla ya kupima), kinaweza kuongeza kiasi kinachoingia kwenye damu. Takriban wanaume 3 kati ya 4 wenye PSA iliyopanda hawakutwi na saratani. Hata hivyo, mzee wako aliyepimwa siku moja baada ya mbio asijiridhishe na maelezo hayo: arudie kipimo akiwa amepumzika, na kama anatumia finasteride kwa ajili ya tezi dume iliyotanuka, amweleze daktari, kwa kuwa dawa hiyo hushusha PSA kwa karibu nusu na majibu yanayoonekana ya kawaida yanaweza kupotosha.