Mpinzani hataki kuutoa mkataba wa umiliki: nilivyoupata wa kwangu

Ndugu, umeuliza ufanyeje: uliyemshtaki anadai hakimiliki ya michoro yako aliinunua kihalali, ila mkataba hautoi kwa sababu ni siri ya biashara. Niliwahi kukwama hapo hapo. Nachora vitabu vya watoto, na kesi yangu ilikaa miezi saba ikibishania karatasi kabla ya kugusa michoro yenyewe.

Tuliharibu kwenye ombi la kutaka nyaraka. Wakili wangu wa mwanzo aliandika "nyaraka zote zinazohusu umiliki". Upande wa pili ukapinga kwamba ni pana mno, na jaji akakubaliana nao. Wakili aliyefuata akaufuata umiliki hatua kwa hatua: nani alichora, akiwa mwajiriwa au akijitegemea, nani alimhamishia nani, kwa hati ipi, kwa matumizi gani. Vipengele sita tu, kila kimoja na tarehe zake. Hapo kukataa kukawa kugumu. Uingereza na Marekani, kwa mfano, hakimiliki haiuzwi kwa mdomo. Lazima pawe na maandishi yenye saini ya upande unaouza. Anayejitetea kwa ununuzi atayaficha vipi?

Kuhusu siri, usipoteze nguvu kukana kwamba ipo. Sisi tulikubali bei na majina ya wateja wengine yafunikwe kwa wino mweusi, nakala kamili waione mawakili peke yao, na jaji akayageuza makubaliano hayo kuwa amri. Barua kati yao na wakili wao hatukuzipata, na ni haki yao, lakini tulidai orodha yake: tarehe, mwandishi, mpokeaji.

Mkataba ulipofika, nikatazama namba chini ya kurasa: 1, 2, 4, 5. Ukurasa wa 4 ulianza na maneno "kazi zilizotajwa hapo juu". Zipi? Tukaomba kuona nakala halisi mbele ya jaji. Ukurasa wa 3 ukajitokeza, nao ulitaja jalada tu. Michoro ya ndani, yote kumi na mmoja, studio iliyonipa kazi haikuwahi kuwauzia wapinzani wangu.

Na wewe toa nyaraka zako, hata zinazouma. Nilikuwa na barua pepe niliyowaandikia studio, "chukueni tu mtumie". Nilitamani kuifuta. Wakili alinikataza kwa ukali, na nashukuru, maana kuharibu ushahidi kungeniangusha kuliko barua yenyewe. Toa pia rasimu za penseli na mafaili asilia. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, kifungu cha 15, unamhesabu mtunzi yule ambaye jina lake liko kwenye kazi, hadi ithibitishwe vinginevyo. Ila mtunzi na mmiliki wanaweza kuwa watu wawili, ndiyo maana ule mkataba wa ununuzi lazima uuone.

Kabla ya kupeleka maombi kwa jaji, wakili wako awaandikie mawakili wa upande wa pili kutaka mazungumzo na atunze nakala. Jaji wetu aliuliza hilo kabla ya lingine lolote.