Gia na breki kwa safari ya baiskeli kutoka Uyole hadi Matema

Swali: Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Makambako na nimenunua baiskeli ya mashindano ya mtumba. Mbele ina meno 53 na 39, nyuma kaseti yake, yaani lile rundo la magurudumu ya meno, inaanzia meno 12 na kuishia 25, matairi ni ya milimita 23 na breki ni zile za kubana rimu. Mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa, nataka kuendesha kutoka Uyole hadi Matema siku ya kwanza na kurudi siku ya pili. Hofu yangu ni ule mlima wa Isyonje. Je, nibadilishe gia, na kama ni hivyo, nifunge zipi? Nina kilo 76. Baiskeli na mzigo vitafika kilo 14.

Jibu: Mwalimu, salaam na hongera kwa kupanga safari hiyo, kwa maana hakuna barabara ya lami ninayoipenda kuliko hiyo katika nyanda zote za juu kusini. Nitakujibu kuhusu gia, lakini kabla ya hapo niruhusu niisogeze hofu yako kutoka mahali ulipoiweka.

Jiji la Mbeya, ambamo Uyole ipo, liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na barabara inapovuka safu ya Uporoto hapo Isyonje inafika karibu mita 2,200. Mlima unaouogopa, kwa hiyo, ni wa mita kama 500 za kwenda juu, nao unaupanda asubuhi, ukiwa na nguvu zote na hewa ya baridi. Sasa tazama upande wa pili. Uso wa Ziwa Nyasa uko kwenye mita 475 hivi. Kutoka Isyonje unashuka hadi Kiwira, unapanda na kushuka vilima vya mashamba ya chai na migomba mpaka Tukuyu, ambayo ipo karibu mita 1,500, kisha unateremka tena mita 1,000 nzima hadi tambarare ya mpunga ya Kyela, ambako unakunja Kikusya na kufuata lami ya Ipinda hadi Matema. Siku ya pili deni hilo lote unalilipa: zaidi ya mita 1,700 za kupanda, miguu ikiwa imechoka, ukianzia kwenye joto la ziwani. Basi gia unazihitaji kwa ajili ya kurudi, na siku ya kwenda kinachohitaji kuangaliwa ni breki.

Nianze na gia. Wasomaji wengi huniambia wanataka kupunguza meno ya mbele kutoka 39 hadi 34. Kwa baiskeli yako huenda haiwezekani kwa kubadili gurudumu la meno peke yake, kwa sababu pedali nyingi za zamani za 53 kwa 39 zina matundu ya boliti yaliyopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 130, na duara hilo halipokei meno yaliyo chini ya 38. Kupata 34 ni lazima ununue mikono yote ya pedali yenye duara la milimita 110, na kwa mtumba unaweza kuzunguka soko la Mwanjelwa wiki nzima usiipate. Nafuu ipo nyuma. Funga kaseti inayoishia meno 28. Kwa gia yako ya sasa, 39 kwa 25, mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka mbele karibu mita 3.3, kwa 28 unakupeleka mita 2.9, yaani mguu unapunguziwa mzigo kwa takriban asilimia 11. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye miinuko ya kutoka Kiwira kurudi Isyonje ndiyo inayoamua kama utazungusha pedali ukiwa umekaa au utasimama na kuvuta usukani kama anayeng'oa kisiki.

Ukishafunga kaseti mpya, usiondoke dukani kabla ya kufanya jaribio hili. Baiskeli ikiwa imeinuliwa, zungusha pedali kwa mkono, peleka cheni polepole kwenye meno 53 mbele na meno 28 nyuma, kisha tazama ule mkono wenye vigurudumu viwili unaokaza cheni. Ukiwa umenyooka kabisa kuelekea mbele na cheni imekakamaa kama waya wa kuanikia nguo, cheni ni fupi, na siku utakapoingiza gia hiyo kwa bahati mbaya huku ukikanyaga kwa nguvu, mkono huo unaweza kukatika. Ongeza pingili mbili za cheni au ufunge cheni mpya. Vilevile hakikisha kigurudumu cha juu hakisagani na meno 28. Kuna skrubu ndogo nyuma ya mkono huo inayokisogeza mbali. Mikono mifupi ya gia ya baiskeli za mashindano kwa kawaida huishia 28, kwa hiyo usishawishike na kaseti ya 32 kwa kuwa tu ipo na bei yake ni nzuri.

Sasa breki, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Wewe, baiskeli na mzigo ni kilo 90. Mkishuka mita 1,000 kutoka Tukuyu hadi tambarare ya Kyela, nishati inayopaswa kwenda mahali fulani inatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili na nusu za maji ya kawaida. Sehemu kubwa ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo ukiuacha uichukue; ukiining'iniza breki mfululizo kwa woga, inaingia kwenye rimu. Kwenye mteremko wa asilimia 7 kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, breki zako zinapokea zaidi ya wati 300 muda wote, na rimu nyembamba ya aluminiamu haina pa kuupeleka moto huo isipokuwa kwenye tairi na tyubu. Miaka ya nyuma mimi mwenyewe nilishuka upande huo nikiwa nimebana breki ya nyuma peke yake kwa dakika kadhaa, nikijiona mwangalifu kuliko wenzangu, mpaka tyubu ikapasuka kwa mlio uliowatoa watu mashambani. Utepe wa plastiki unaofunika matundu ya spoku ulikuwa umelainika na kuzama, na tyubu ikafuata tundu.

Kwa hiyo fungua matairi yote mawili kabla ya safari na uutazame utepe huo. Kama ni wa plastiki laini au umehama, weka wa kitambaa. Toa raba za breki na uzichunguze kwenye mwanga. Utakuta chembe za mchanga na vipande vinavyong'aa vya aluminiamu vimejichomeka. Vichomoe kimoja kimoja kwa ncha ya pini, kwani ndivyo vinavyoikwangua rimu. Kama mifereji ya raba imeisha, nunua mpya. Pitisha rula kwenye ubavu wa rimu, na ukiona imebonyea katikati kama sahani, rimu hiyo imekwisha na haifai kwa mteremko, hata kama inazunguka vizuri. Waya wa breki nao huanza kukatika nyuzi moja moja pale kichwa chake kinapokaa ndani ya mkono wa breki, mahali ambapo watu hawatazami kamwe.

Unapoteremka, shika breki zote mbili kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, ziachie, acha gurudumu lipoe, kisha shika tena. Inua kifua ili upepo nao ukusaidie kupunguza mwendo. Kaa mbali kidogo na ukingo wa lami, kwa sababu mitaro ya mawe kule ni mirefu na haina huruma, na usikie malori ya mpakani Kasumulu kabla hujayaona. Karibu na shule na masoko utakuta matuta na rasta. Rasta zinaweza kukutoa mikono kwenye usukani ukizipita ukiwa umeushika kwa vidole viwili. Kama nafasi kati ya tairi na breki inaruhusu, funga matairi ya milimita 25 na uyajaze paundi 85 hadi 90 badala ya zile 110 ambazo vijana hupenda. Rungwe mvua hainyeshi kwa kalenda, hata mwezi wa saba manyunyu hutokea, na rimu iliyolowa haishiki mpaka raba zifute maji kwanza, kwa hiyo anza kubana mapema zaidi.

Glavu usiziache. Asubuhi ya mwezi wa saba pale Isyonje vidole hufa ganzi, na vidole vilivyokufa ganzi havivuti breki, hata kama fundi aliifunga vizuri namna gani. Weka pia taa nyekundu nyuma, kwa kuwa ukungu wa pale humeza lori zima, sembuse mwalimu. Wauza viazi wa barabarani watakupa chai ya moto. Simama unywe, uvae koti, ndipo ushuke.

Kuhusu siku mbili, maoni yangu ni kwamba hazitoshi kwa mtu anayeifanya njia hii mara ya kwanza. Siku ya kurudi lala Tukuyu, ukamalizie Kiwira na Isyonje kesho yake asubuhi. Ukikosa siku ya tatu, panda Costa kutoka Kyela baiskeli ikiwa juu ya keria, lakini ifunge mwenyewe, upande wa cheni ukiangalia juu, maana makondakta huilaza hivyo hivyo na ule mkono wa gia niliokueleza ndio wa kwanza kupinda.