Nusu jumlisha theluthi, mwanangu anaandika 2/5. Nimsaidieje?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nina kijana wangu ana miaka 10, yuko darasa la tano. Mpaka la nne alikuwa vizuri tu, kujumlisha, kutoa, kuzidisha hana shida, na tebo anazijua. Tangu wameanza sehemu ndo balaa. Ukimpa 1/2 + 1/3 anakuandikia 2/5. Nimemwelekeza mara kibao kwamba tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, ile namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote za chini) kwanza, usiku ule anapata, kesho yake karudi kulekule. Baba yake anasema ni uvivu na simu. Mimi mwenyewe hesabu zilinipiga chenga shuleni, naogopa hata namvuruga zaidi. Kila jioni homuweki inaishia na machozi. Nimtafutie tusheni au nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama, na asante kwa kuandika mpaka lile jibu lenyewe analotoa, maana wazazi wengi wananiambia tu "hesabu hajui" na hapo sina pa kuanzia, ila wewe umeniletea 2/5 na hiyo 2/5 inaongea.

Iangalie vizuri. Juu 1 na 1 ni 2, chini 2 na 3 ni 5. Hajabahatisha huyo. Ameona alama ya kujumlisha akajumlisha kila anachokiona, juu kwa juu, chini kwa chini, na ndivyo alivyozoea tangu siku ya kwanza anashika penseli, namba ni namba nzima, 3 ni tatu na 5 ni tano na kubwa ni kubwa. Sasa darasa la tano bila kumuaga mtu namba zinabadilika tabia. 1/8 inakuwa ndogo kuliko 1/4 wakati 8 ni kubwa kuliko 4. Unazidisha nusu kwa robo unapata 1/8, yaani umezidisha kitu kikapungua! Unagawanya 6 kwa nusu unapata 12. Alafu desimali zinakuja nazo, mtoto anaapa kwamba 0.35 inaizidi 0.4 kwasababu 35 inaizidi 4. Kila kitu alichokuwa na uhakika nacho kinamgeuka, na yeye anaendelea kutumia akili ileile iliyomfanya awe vizuri mpaka la nne. Kwahiyo kwa heshima zote kwa baba yake, huu sio uvivu. Mvivu anaacha wazi au anaandika namba yoyote tu apite.

Na ndo maana KDS haikai kichwani. Umempa dawa ya ugonjwa ambao yeye haoni kama anaumwa. Kwake 2/5 ni jibu zuri tu, halina kasoro, wewe ndo unasema sio, basi usiku ule anafuata hatua ulizomwonyesha ili muishe mkalale, asubuhi zimeyeyuka. Kabla hujampa tena sheria yoyote inabidi yeye mwenyewe aione 2/5 na kusema hii haiwezekani. Hilo tu. Akishasema hivyo kazi kubwa imeisha.

Fanya hivi, wikiendi mkiwa mmetulia, sio usiku wa homuweki. Chukua karatasi, rula, mkasi na penseli ya rangi. Kateni vipande vitatu vyembamba kama utepe, kila kimoja urefu wa sentimita 12, upana wowote ila vilingane. Hiyo 12 sijaiokota tu, inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6 bila kubakiza, utaona faida yake. Mwambie utepe mzima ndo moja. Usiandike namba yoyote bado.

Utepe wa kwanza apake rangi nusu, atapima mwenyewe, sentimita 6. Wa pili apake theluthi, sentimita 4. Sasa kabla ya kukata muulize, hivi tukizichukua hizi mbili zenye rangi tukazipanga juu ya ule utepe wa tatu, zitaujaza wote au kutabaki nafasi? Mwache akisie, na asubiriwe, sekunde kumi za kimya sio nyingi kwa mtoto anayefikiri japo kwa mzazi zinakuwa ndefu kweli. Akishasema, akate, apange. Zinafika sentimita 10, inabaki nafasi ya sentimita 2.

Sasa ndo ulete ile 2/5. Bila kusema ni kosa lake, sema tu tuitafute 2/5 iko wapi kwenye huu utepe. Sentimita 12 ukigawanya kwa tano kila kipande kinakuwa sentimita 2.4, vipande viwili ni 4.8. Apige mstari kwa penseli hapo kwenye 4.8. Ule mstari haufiki hata kwenye nusu! Nusu peke yake ilikuwa sentimita 6, tukaongeza theluthi juu yake, alafu tukapata kitu kidogo kuliko nusu tuliyoanza nayo?

Hapo nyamaza. Tafadhali mama nyamaza kabisa, usimalizie sentensi. Nilikuwa na binti mmoja darasani akautazama ule mstari muda mrefu, akaupima tena mara ya pili na rula akidhani amekosea, mwisho akasema taratibu "kwahiyo mwalimu nimeongeza ikapungua?" Sikuwahi kuiona 2/5 kwenye daftari lake tena, na KDS nilikuwa hata sijaitaja.

Kutoka hapo KDS inakuja yenyewe. Ile nafasi iliyobaki ni sentimita 2. Muulize, vipande vya sentimita 2 viko vingapi kwenye utepe mzima? Sita. Kwenye ile nusu? Vitatu. Kwenye ile theluthi? Viwili. Vitatu na viwili ni vitano kati ya sita, 5/6, na kilichobaki ni 1/6. Ndo kazi yote ya KDS hiyo, kutafuta saizi moja ya kipande inayoipima nusu ikaisha na kuipima theluthi ikaisha, maana nusu na theluthi ni vipande visivyolingana na huwezi kuvihesabu pamoja ukasema ni viwili. Viwili vya nini? Lile swali "viwili vya nini" lishike, litakusaidia kuliko maelezo yangu yote.

Rudieni siku nyingine na 1/2 + 1/4, kisha 1/4 + 1/3, kisha 1/6 + 1/2, zote zinakaa kwenye sentimita 12. Zikija tano na kumi kateni utepe wa sentimita 10, nusu ni 5, 1/5 ni 2, jumla 7 kati ya 10, na hapohapo umemfungulia desimali kwa sababu 7/10 ndo 0.7. Akishazoea utepe anaanza kuuchora kwa mkono, baadaye anauona kichwani. Usimharakishe kuuacha.

Sasa tabia moja ambayo ningependa mtoto wako aondoke nayo darasa la tano hata kama mengine yote yatachelewa, ni kukadiria kabla hajashika hatua. Kila swali la sehemu, kabla ya penseli, aseme jibu litakuwa chini ya nusu, kati ya nusu na moja, au zaidi ya moja. Mwaka 1978 huko Marekani kwenye upimaji wao wa taifa waliwapa watoto wa miaka 13 swali la kukadiria 12/13 + 7/8, wakawawekea majibu ya kuchagua 1, 2, 19 na 21. Ni asilimia 24 tu waliochagua 2. Wengi walikimbilia 19 na 21, yaani walijumlisha za juu au za chini, kosa la ukoo mmoja na la kijana wako, na hao walishampita kwa miaka mitatu. Wakati 12/13 inakaribia moja, 7/8 inakaribia moja, jibu linakaribia mbili, huhitaji kalamu. Nakuandikia hili ujue kwamba likiachwa halijirekebishi lenyewe kwa kukua. Na sehemu sio mada ya kupita, utafiti wa Robert Siegler na wenzake uliotoka 2012, walioangalia takwimu za Marekani na Uingereza, ulikuta kwamba uelewa wa sehemu na kugawanya akiwa na miaka kama 10 unatabiri hesabu zake za sekondari, aljebra ikiwemo, hata ukiweka pembeni akili ya jumla na kipato cha nyumbani. Kwahiyo muda unaoutumia kwenye huo utepe haupotei.

Nije kwako sasa, hapo uliposema hesabu zilikupiga chenga. Umekuwa mkweli na ni jambo la msingi kuliko unavyofikiri. Kuna utafiti wa 2015 kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, walikuta wazazi wenye hofu ya hesabu wakisaidia homuweki mara kwa mara watoto wao walijifunza hesabu pungufu kuliko wenzao ndani ya mwaka na hofu ikawaingia, ila wazazi wenye hofu hiyohiyo ambao hawakusaidia sana, watoto hawakudhurika. Hii haisemi ukae mbali na mwanao, mimi naisoma kwamba usiwe mwalimu wa pili nyumbani. Usimwelekeze hatua. Kaa pembeni yake na umwambie akufundishe wewe. "Nionyeshe umefikaje hapo." "Umejuaje ni sita?" "Ungechora ungechoraje?" Hayo maswali hayahitaji ujue KDS, na mtoto akieleza kwa mdomo kosa mara nyingi analisikia mwenyewe katikati ya sentensi anarudi nyuma. Hapo kutojua kwako kunageuka mtaji kwasababu unauliza kweli, hujifanyi. Kitu kimoja tu acha kabisa, kumwambia "hata mimi hesabu nilikuwa sijui, tumerithi". Najua unamfariji ila yeye anasikia kwamba mlango umefungwa.

Kusifia nako kuna namna yake. Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walitoa majaribio yao 1998, na watoto waliowatumia walikuwa wa darasa la tano, umri uleule wa kwako. Waliosifiwa kwamba wana akili, walipokutana na maswali magumu wakakata tamaa mapema na baadaye hata maswali ya kiwango cha mwanzo wakayafanya vibaya zaidi, waliosifiwa kwamba wamejitahidi wakaendelea kung'ang'ana. Kijana wako aliyezoea kuwa vizuri mpaka la nne yuko kwenye hatari hiyohiyo, pengine amejaa "una akili wewe" na sasa 2/5 inamwambia huna. Msifie kitu ulichokiona kwa macho, mfano "nimeona umepima mara mbili".

Muda. Dakika 20 za sehemu zinatosha, siku nne kwa wiki, zina faida kuliko saa mbili za Jumapili, na kila siku anza na swali moja la juzi alifanye bila kuangalia daftari. Tebo umesema anazijua, basi dakika tatu za mdomo tu zisipate kutu, maana mtoto anayesita kwenye 6 mara 8 anafika kwenye KDS kashachoka. Simu, hapo baba ana hoja yake, sio kwamba ndo chanzo cha 2/5 ila ikikaa karibu wakati wa kazi inamkata, na ikilala naye inamwibia usingizi, watoto wa miaka 6 mpaka 12 wanahitaji saa 9 hadi 12. Iwekwe chumba kingine, na za kwenu wawili pia kwa hizo dakika 20.

Tusheni ningesubiri kwanza. Tusheni nyingi zitamrudishia hatua zilezile kwa sauti ya juu zaidi. Jaribu utepe wiki tatu au nne. Wakati huo nenda kwa mwalimu wake wa hesabu, ila usiulize "mwanangu anaendeleaje" maana utajibiwa anaendelea vizuri, peleka daftari, muonyeshe 2/5 na muulize "kosa hili darasani mnalirekebishaje ili na mimi nyumbani nisipishane na wewe?" Ukiona vitu vingine tofauti, mfano bado anahesabu vidole kwenye 7 jumlisha 5, anachanganya 36 na 63 ipi kubwa, au akisomewa swali la fumbo anajibu ila akilisoma mwenyewe haelewi, au anakunja macho akiangalia ubao, hapo usisubiri wiki nne, omba shule imfanyie tathmini na macho yapimwe.

Na yale machozi. Yakianza somo limeisha kwa siku hiyo, kichwa chenye hofu hakina nafasi ya kushika namba. Funga daftari bila hasira, na kabla ya kulifunga andika kwa penseli pembeni ya swali: "Mwalimu, tumefika hapa leo, hapa ndipo alipokwama." Weka sahihi yako. Kesho akiingia darasani na daftari lina swali moja lililoishia njiani na sahihi ya mama chini yake, mwalimu anajua pa kuanzia na mtoto hana cha kuficha.