Shemeji Anauza Vitz, Mimi ni Mtu wa Baskeli

Assalamu alaykum Shangazi. Mimi ni fundi cherehani, umri wangu miaka 43. Nakaa Fuoni, na kibanda changu cha kushonea kiko Mkunazini. Tangu ujana nakwenda mjini kwa baskeli, kilomita 9 asubuhi na 9 jioni, masika na kiangazi, vitambaa vya watu nimevifunga kwenye keria. Jumapili alfajiri natoka na wenzangu tunapiga pedeli mpaka Jozani na kurudi. Mtaani watoto wananiita Bwana Phoenix, kwa jina la baskeli yangu. Mke wangu husema baskeli ndiyo mke mwenzake, maana inalala ukumbini na yeye ndiye anayefuta alama za matairi.

Mwaka jana mama yangu alihamia kwangu. Figo zimemchoka, anasafishwa damu hospitali ya Mnazi Mmoja mara 3 kwa wiki. Teksi inachukua 15,000 kwenda na 15,000 kurudi. Nina akiba ya milioni 8. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anafanya kazi hotelini Paje na anauza gari yake ndogo, Toyota Vitz ya mwaka 2003, kwa milioni 7. Mke wangu anasema nichukue leo hii, ni ya nyumbani, nitafute nini tena? Lakini moyo wangu mzito. Miaka yote nimekaa barazani nikiwaambia watu kuwa mwenye gari ni mtumwa wa fundi na sheli. Halafu nitamwambiaje shemeji kwamba nataka gari ikaguliwe, asione namfanya mwizi? — Mpanda Baskeli, Fuoni

Waalaykum salaam, mwanangu. Mama Mungu ampe afya, na wewe akupe nguvu, maana safari 3 kila wiki si mchezo.

Nianze na baraza kwa sababu ndilo dogo. Moyo wako haukatai gari. Unakataa kupita ndani ya gari mbele ya watu uliowasomesha miaka yote hiyo. Watacheka, usijidanganye. Watauliza Phoenix imekufa kwa maradhi gani. Wape siku tatu. Ya nne mmoja wao atakuja taratibu, kofia mkononi, akuombe umpeleke mazikoni Bububu, na kesi itakuwa imekwisha.

Hesabu ndiyo iliyonishangaza, kwamba fundi anayepima yadi ya kitambaa kwa jicho hakuipiga. Mara 3 kwa wiki ni safari kama 13 kwa mwezi. Kwa 30,000 kila safari, teksi inakula 390,000. Miezi 18 ya namna hiyo ni 7,020,000, yaani Vitz nzima na chenji, na mwisho wake mikono mitupu. Sasa piga ya gari yako: kilomita 18 kwenda na kurudi, mara 13, ni 234. Gari ndogo ile, hata tukiidharau na kuiwekea kilomita 12 tu kwa lita kwa sababu ya foleni ya Mwanakwerekwe, itataka lita 20 hivi. Zidisha na bei ya petroli ya mwezi huu iliyotangazwa na ZURA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta, ongeza bima na oili, uone kinachobaki. Na kutoka Mnazi Mmoja hadi Mkunazini ni mwendo wa mguu. Unamwacha mama kwenye mashine, unakwenda kushona saa zake 4, unarudi kumchukua. Teksi haikupi hilo.

Usinidhanie mtu wa magari. Mimi nimeolewa juu ya keria. Marehemu mume wangu alikuwa akinipakia upande, miguu pamoja, buibui nimelikunja mapajani, tunatoka Kikwajuni tunakwenda kwa mama yangu. Siku moja pindo likaponyoka likaingia kwenye spoki, likazunguka mara mbili, baskeli ikasimama kama imeshikwa na mtu. Hatukuanguka, lakini ilibidi tukae pembeni ya njia robo saa nzima akilitoa uzi kwa uzi, na wapita njia wanatusalimia. Nilikuwa na miaka 20, nilicheka. Mama yako anatoka kwenye mashine kizunguzungu kimemshika, mdomo umemkauka, halafu anasimama juani kungoja teksi ambayo dereva wake anasema "nakuja" na kumbe yuko mtaa wa Amani. Yeye hachekeshwi.

Kwa hivyo gari utanunua. Hii ya shemeji? Hapo ndipo pagumu.

Mimi na binamu yangu hatukusemezana miaka 4 kwa sababu ya friji. Aliniuzia, ikagandisha wiki mbili, ikalala. Sikuwa nimeuliza na yeye hakuwa amesema. Bibi yetu alipofariki tulikaa mikeka mbalimbali kama watu wasiojuana, na watu wazima wakatuona. Friji ile, mwanangu, haikufika hata laki 2. Wewe unazungumzia milioni 7 na kaka wa mkeo.

Jambo la kwanza, mkeo mtoe kwenye bei. Usimtume kupunguza, usimtume kuuliza, usimwambie "mwambie kaka yako". Upande huu ni mke, upande ule ni dada, ukimweka katikati atapasuka yeye, gari itabaki nzima.

La pili, hukutaja leseni. Barua nzima! Umeniambia mpaka alama za matairi ukumbini, leseni kimya. Nahisi huna. Vizuri, hiyo ndiyo njia yako ya kumwingia shemeji bila kumvunjia heshima. Mpigie, umwambie: "Shemeji, mimi gari siijui, najua mnyororo na pedeli. Naomba nije na fundi wangu anifundishe juu ya gari hii hii, nijue kinachotakiwa kuangaliwa." Hapo fundi amekuja kama mwalimu wako, na shemeji mwenyewe atajikuta anaeleza. Akikataa hata hilo, basi ameshakujibu kuhusu gari.

Nenda mapema asubuhi, kabla haijawashwa. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameitayarisha kwa ajili yako, na injini iliyokwishapata moto huficha mengi. Iwashe ikiwa baridi, utazame nyuma: moshi wa buluu ni oili inaungua, mweupe usiokatika ni maji yanayoingia pasipofaa. Kabla ya hapo fungua kifuniko cha oili. Ukikuta kitu kama tui zito kimeganda kwa ndani, funga, shukuru, kunywa chai yao uondoke.

Lakini gari iliyolala Paje miaka yote, mimi nisingeanza na injini. Ningeanza na kutu. Chumvi ya bahari hula gari kutokea chini, wakati juu inang'aa kama siku ya harusi. Inua zulia miguuni pa dereva. Fungua buti, toa tairi la akiba, utie mkono pale shimoni linapokaa, maana ndipo maji yanapojikusanya. Pitisha vidole kwenye ukingo wa chini wa milango.

Kisha tumia kitu ulichonacho. Bila shaka una dinamo kuukuu la baskeli mahali fulani kwenye kopo la misumari. Ndani yake mna sumaku. Itoe, uifunge kitambaa laini isije ikakwaruza rangi, uipitishe juu ya madigadi na chini ya milango. Mahali penye bati itavuta, utaisikia mkononi. Ikifika mahali ikalegea na kuteleza, hapo hapana bati, pana puti, udongo wa kuzibia, uliopakwa rangi. Sehemu moja ndogo si dhambi, kila gari imewahi kukwaruzwa na ukuta. Ikiwa mlango mzima hauishiki sumaku, unanunua puti kwa bei ya Vitz.

Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini peke yake, zinarudishwa. Wewe unajua pedeli inavyolika. Tazama mpira wa pedeli ya breki na usukani pale mikono inaposhika. Saa ikisema kilomita 60,000 na mpira umeliwa mpaka chuma kinachungulia, mmoja wao anasema uongo, na mpira haujui kusema uongo. Halafu mwambie fundi akate usukani mpaka mwisho, aende taratibu kwa mduara. Wewe funga macho usikilize. Mtu aliyezoea kusikia beringi ya kati ya baskeli ikilalamika kilomita 9 mfululizo ana sikio ambalo madereva wengi hawana. Ukisikia ka-ka-ka kwenye gurudumu la mbele, pana kazi na pana pesa.

Vitz yenyewe siigombi. Inakunywa kidogo, spea zake zimejaa, na hakuna fundi Unguja asiyeijua. Hii ikishindikana tafuta nyengine ya aina hiyo hiyo, IST au Passo au Starlet. Usije ukashawishika na gari ya ajabu ajabu ambayo taa yake moja inaagizwa Dubai. Gari ya mgonjwa haitakiwi kusimama njiani ikingoja meli.

Maneno hayo ya mwisho yashike. Ukaguzi ukitoka vibaya, shemeji asisikie kuwa gari yake mbovu. Asikie: "Gari nzuri, ila mimi yangu ina kazi ya hospitali mara 3 kwa wiki, haitaki hata siku moja ya gereji." Mtu hawezi kukasirika kwa ajili ya figo za mama yako.

Ukitoka vizuri, usilipe milioni 7. Gari yenye miaka zaidi ya 20 itakudai mwezi wa kwanza: matairi, betri, bushi, shokapu, kimojawapo hakitakosa. Milioni moja uliyobakisha haitoshi kwa hayo na bima na safari za kliniki kwa pamoja. Mwambie una milioni 6, mkapatane polepole. Ni shemeji, atapiga kelele kidogo, ndiyo desturi.

Na muandikiane. Najua utasema "shangazi, na ndugu?" Hasa na ndugu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana deni na kushuhudisha, na haikusema isipokuwa shemeji. Andikeni bei, tarehe, namba ya gari na aibu zake mlizozikuta, mbele ya sheha na mashahidi. Angalia kadi ya gari imeandikwa jina la nani. Ikiwa bado ni jina la aliyemuuzia yeye, liwekwe sawa kwanza hilo, na jina lako liingie kabla noti ya mwisho haijatoka mfukoni. Karatasi ile ndiyo itakayowafanya mle biriani pamoja Idi ijayo.

Wakati hayo yanakwenda, wewe uko chuo cha udereva. Mama aendelee na teksi miezi kama miwili ya mafunzo, usiwe na pupa. Utaona kitu kitakachokushangaza: barabara ile ile unayoijua kila shimo, ukiwa nyuma ya kioo utakuwa huwaoni watu wa baskeli mpaka umewafikia. Wewe uliyekuwa ukilaani madereva wanaokupita wamekubana kwenye mtaro utajua kwa nini wanafanya hivyo, na hutokuwa na udhuru wa kufanya wewe.

Baskeli usiuze. Siku za mashine ni 3. Zilizobaki nenda kazini kama ulivyozoea, na Jumapili nenda Jozani, ukayapande yale matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, wale kima wekundu wa msituni, wala hayakuzuii. Ukianza kuwasha gari kwenda kununua mkate wa ajemi hapo nje, baraza itakuwa na haki ya kukucheka upya, na mimi nitakaa nao.

Ila kuhusu ukumbi niko upande wa mkeo. Mke mwenzake atoke. Mjengee banda la makuti ubavuni mwa nyumba, na ulijenge kabla gari haijafika, isije ikaonekana amefukuzwa na mgeni.