Dark Side of the Moon: ununue toleo gani, uache lipi

Wadau wananiuliza sana hili swali, hasa wale walioanza kukusanya santuri juzijuzi: kaka, mimi nataka Dark Side of the Moon, ile albamu ya bendi ya Pink Floyd, lakini nikiingia mtandaoni nakuta matoleo kibao, moja bei ya chakula cha mchana, lingine bei ya kodi ya nyumba, sasa nishike lipi? Jibu langu ni lilelile kila siku. Kabla hujatoa hela uliza hii ni miksi gani (yaani sauti na vyombo vilivyorekodiwa vimechanganywaje), na nani katengeneza masta (ile nakala ya mwisho inayotumika kutoa santuri na sidii). Mambo ya "miaka 30", "miaka 50", "imesafishwa upya" ni maneno ya kwenye stika tu.

Maana ukichambua vizuri, hii albamu ina miksi chache sana. Kuna ya stereo ya 1973 iliyofanyiwa Abbey Road, London, Alan Parsons akiwa injinia na Chris Thomas akaitwa mwishoni kuisimamia. Kuna ya spika nne ambayo Parsons aliifanya mwenyewe mwaka huohuo. Kuna ya 5.1 (spika tano na moja ya besi) ya injinia James Guthrie ya 2003, na ya Dolby Atmos (sauti inatoka hadi juu ya kichwa) ya Guthrie huyohuyo ya 2023. Basi (achilia mbali miksi ya majaribio ya 1972 waliyokuja kuiweka kwenye boksi la 2011). Vingine karibu vyote unavyoviona dukani ni ileile stereo ya 1973, imepita kwa fundi mwingine, kaongeza besi kidogo, kapandisha sauti, wakabadilisha kava, wewe unalipa tena.

Tuanze na santuri, maana huko ndiko watu wanakopigwa. Mimi naishi Uingereza kwa hiyo hizi nakutana nazo sana, kwenye maduka ya mitumba na kwenye masoko ya santuri ya wikiendi, na kila muuzaji atakwambia yake ni chapa ya kwanza, yaani zile zilizotolewa mwanzo kabisa albamu ilipotoka. Sawa, mwambie aitoe kwenye mfuko. Chapa ya kwanza ya Uingereza ni ya lebo ya Harvest, namba SHVL 804, na ile karatasi ya katikati ina pembetatu ya bluu iliyojaa rangi yote, sio mistari tu. Alafu iinamishe kidogo, mulika na tochi ya simu pale kwenye sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na karatasi, utaona namba zimechorwa kwenye plastiki yenyewe, unatafuta A-2 upande mmoja na B-2 upande wa pili. Kava inafunguka kama kitabu, ndani kulikuwa na posta mbili na stika mbili, na hizi posta ndo hazipatikani zikiwa nzima kwa sababu vijana wa miaka ya 70 walizibandika ukutani, kwa hiyo angalia pembe kama kuna matobo ya pini.

Kuna kipimo kingine nakipenda sana. Wimbo wa The Great Gig in the Sky kwa miaka mingi uliandikwa mtunzi Wright, mpiga kinanda wa bendi, peke yake. Clare Torry, yule dada anayeimba pale bila maneno, alilipwa pauni 30 kwa kazi ya siku hiyo, akaja kudai haki yake mahakamani 2004, mwaka uliofuata wakamalizana nje ya mahakama na jina lake likaongezwa kama mtunzi mwenza. Kwa hiyo mtu akikuletea santuri "ya 1973" na kwenye karatasi kuna jina la Torry kama mtunzi, mrudishie kwa heshima ujiendee zako.

Ila kiukweli kama unataka kusikiliza tu na sio kuweka kabatini, usihangaike na A-2. Hii albamu ilikaa kwenye chati ya Billboard jumla ya wiki 741 kati ya 1973 na 1988, viwanda havikupumzika, santuri za mwishoni mwa miaka ya 70 zipo nyingi na zinalia vizuri tu. Kikubwa ni hali yake. Albamu inaanza na mapigo ya moyo ya chini sana, yaani pale mwanzo kabisa kila mkwaruzo unausikia kama mtu anakaanga mandazi, na upande wa kwanza unaishia na kinanda na sauti ya huyo huyo Torry, karibu na katikati ambako sindano mbovu huwa inaharibu zaidi. Muombe muuzaji akupigie sehemu hizo mbili. Akikataa, ushajua.

Wenye hela kidogo za ziada wanaikimbilia ile santuri ya kampuni ya Mobile Fidelity ya 1979, waliyoikata kwa nusu spidi, yaani tepu na mashine ya kuchonga mifereji ya santuri vyote vinaenda taratibu nusu ya kawaida. Nzuri, safi, lakini bei yake sasa hivi imekuwa ya wakusanyaji kuliko ya wasikilizaji, mimi naipita.

Kanda sina la kusema sana. Nunua kwa ajili ya kumbukumbu kama unapenda. Zile kanda nene za njia nane walizokuwa wakipiga kwenye magari Marekani ni mbaya zaidi kwa albamu kama hii, maana kanda imegawanywa sehemu nne (programu) ambazo lazima zilingane urefu, nyimbo zinakatwa au kupangwa upya, na hizi ni nyimbo zinazoingiliana.

Sidii ndo biashara bora ya wote na hakuna anayezitaka! Japani walianza 1983, huku Ulaya na Marekani zikafuata 1984, namba CDP 7 46001 2. Kisha ikaja masta ya Doug Sax na Guthrie ya 1992, ndo iliyotumika miaka yote ya 90, unaipata kwa bei ya soda. Mtu mwenye pleya ya kawaida na spika mbili namwambia chukua hiyo, mengine baadaye. Ile ya 2003 ya SACD (sidii ya ubora wa juu inayotaka pleya yake) kuwa makini, ina tabaka mbili, tabaka ya kawaida ya sidii imepandishwa sauti na kubanwa kuliko ile ya SACD, kwa hiyo kama pleya yako haisomi SACD hujanunua kile walichokusifia.

Miksi ya spika nne je? Hiyo mimi ndo kipenzi changu, zile saa za wimbo wa Time Parsons alizirekodi kwenye duka la saa kwa ajili ya majaribio ya spika nne, ukizisikia zinalia kila kona ya chumba unaelewa alikuwa anawaza nini. Lakini usinunue santuri yake ya zamani, mfumo wa SQ unabananisha njia nne kwenye mfereji wa njia mbili na bila dikoda nzuri (kifaa cha kuzitenganisha tena) zinachanganyikana. Tafuta boksi la Immersion la 2011, imo kwenye DVD na Blu-ray, njia nne zimetengana kabisa. Humohumo utapata skafu na gololi, sijui za nini.

Atmos ya 2023 ilianzia kwenye boksi kubwa la miaka 50, baadaye mwaka huohuo Blu-ray ikauzwa peke yake, nunua hiyo. Kama huna spika za juu, acha kabisa.

Na kwa wa strimingi: 2010 hawa wazee wa Pink Floyd waliishinda EMI, kampuni yao ya kurekodi, mahakamani London kuhusu kuuza nyimbo moja moja mtandaoni bila ridhaa yao, walitaka albamu isikike nzima. Kwa hiyo zima shafo (ile ya kuchanganya mpangilio wa nyimbo), na ingia kwenye setingi uangalie kama app inapiga nyimbo mfululizo bila pengo. Ukisikia mlio unakatika kabla ya wimbo unaofuata, hilo tatizo ni la app yako sio la albamu.