Barua kwa mwanangu: mlembe na mwenye shoka

Mwanangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Sikonge tu wazima, ila goti la baba yako ni lile lile.

Umeniuliza kwa nini mlembe, ndege asiyezidi uzito wa yai la kuku, anaendelea kumwongoza mtu kwenye asali, ilhali mtu ndiye mwenye shoka, mwenge na uamuzi wa kugawa. Unajua nitakachosema: mwenye shoka siye mwenye njia. Mlembe hawezi kupasua mti wala kustahimili miiba ya nyuki. Mtu anaweza, lakini umwache peke yake kwenye miombo atazunguka mpaka jua lizame. Watafiti Isack na Reyer waliandika mwaka 1989 kwamba Waborana wa kaskazini mwa Kenya, bila ndege, walitafuta nyuki kwa muda wa karibu saa 9. Wakiwa naye, saa 3 na kidogo. Tena hawagombei kitu kimoja. Sisi tunataka asali, yeye anataka majana ya nyuki na nta, na tumbo lake linaisaga hiyo nta.

Sasa suala la kugawa. Hapo namkumbuka babu yako mdogo.

Yule ndege nilimwona mimi, nikitoka kisimani. Alikuwa akipiga kelele kama kiberiti kinachotikiswa, akiruka mti hadi mti, akinionyesha manyoya meupe ya mkia. Nikatua ndoo, nikakimbia kuwaita wakubwa, kisha nikatangulia mbele yao mpaka kwenye mti mmoja wa mtundu wenye tundu. Babu yako mdogo akarina, akajaza debe. Masega makavu yote akayakusanya, akayafukia kwenye majivu ya moto. Babu yako akamwambia amwachie ndege chake. Akajibu, "Akishiba atalala huyu." Tulipofika nyumbani, kila mtu akapata bakuli. Mimi nikapewa kipande cha nta. "Wewe na ndege wako mle hii." Wakacheka wote, na babu yako akacheka. Hicho kicheko cha babu yako bado nakisikia.

Miaka mingi nilimwita mroho. Halafu wewe mwenyewe ukanisomea kwamba Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao huchoma au kufukia nta ili ndege abaki na njaa aendelee kuongoza. Na wanaongozwa! Wayao wa Niassa, Msumbiji, wao humwekea nta juu ya majani, na utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mlio wao wa kumwita ulipandisha uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Mkarimu anaongozwa, bahili anaongozwa. Basi ubahili unalipa? Nikataka kusema hapana, mlembe aliyenyimwa atamtafuta mtu mwingine. Lakini majirani wote wakifukia, atamwendea nani? Labda hata makombo yanayodondoka kwenye nyasi yanamfaa kuliko kukaa anautazama mti asioweza kuufungua. Hilo silipendi, ila sina la kulipinga.

Na usimfanye malaika. Mlembe hutaga kwenye viota vya ndege wengine, na kinda lake, likiwa bado halijafungua macho, huwaua makinda ya mwenye nyumba kwa ndoano ya mdomo. Halilelewi na mama yake, kwa hiyo hakuna anayelifundisha kuwa mwema kwetu. Anatuongoza kwa sababu tuna kitu chake. Mwenye shoka siye mwenye njia, basi. Mengine ni mapatano ya kila siku.

Najua unataka niseme kama babu yako mdogo alikosea. Ndiye aliyetulisha mwaka mahindi yalipokauka shambani, na wewe jina lako ni lake. Kwa hiyo sisemi. Nasema tu kwamba sega moja lenye asali lisingepunguza debe lile.

Kaka yako anapanda basi la Morogoro Jumamosi na ndoo yako ya lita 10. Mwenye nyumba wako mpe chupa moja, isizidi. Na kaka yako umlipe nauli yote, usimpe nusu kama mara ile.

Mama yako